Sanduku Nililolitengeneza Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nina miaka sabini na minne. Nimewazika wake wawili, wenyeviti watatu wa mtaa na daktari aliyeniambia sitafika sitini. Shule nilikaa miaka miwili tu, lakini herufi zangu zimenyooka kama ubao uliopigwa randa. Naandika haya kwa penseli ya useremala, ili siku moja watu wajue nani alifanya nini katika nyumba hii.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na tisa na ana kikundi chake cha haki za watoto. Kinakutana kwenye karakana yangu. Mtoto akipigwa, akitolewa shule, akitumikishwa, anaandika kikaratasi na kukitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Kamati ya watoto inafungua, kisha wanakwenda na mjukuu kuzungumza na wakubwa wa nyumba hiyo. Sasa upo mfuko unaowasaidia vijana kama yeye wakuze kazi zao. Alhamisi anakuja mama mmoja kukagua, na sanduku litafunguliwa mbele yake. Akiridhika, kikundi kitapata chumba chake na mtu wa kupita nyumba hadi nyumba kila siku.

Sanduku nimelitengeneza mimi! Nimeuliza nitapewa cheo gani. Mjukuu akasema, Babu, masharti yanataka vijana waongoze wenyewe, wewe tutakushukuru. Kushukuriwa tu, kama mtu aliyempisha mwenzake kiti!

Mbaya zaidi ni Tepe. Huyu ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, tepe ya kupimia haimtoki shingoni, utadhani amezaliwa nayo. Amewashonea watoto fulana za kikundi. Wamempigia makofi. Sanduku langu hakuna aliyelitaja.

Jumanne, tarehe 4

Nimelitikisa sanduku. Limelia kama kiberiti kilichobaki njiti moja. Mgeni atatucheka. Ufunguo anao mjukuu, lakini mimi ufunguo wa nini? Bawaba nilizifunga kwa nje, makusudi, na bisibisi ninayo.

Vikaratasi vinne tu! Vitatu vya maana: kuchapwa, kuchapwa, kunyimwa daftari. Cha nne kimeniudhi. Mwandiko kama kuku kakanyaga wino. Nimekisoma nusu saa, kidole juu ya kila neno. Kimetoka kwa mpwa wa Tepe, yule mtoto wa miaka kumi na mmoja anayewalea mapacha wa huyo Tepe. Anasema Ijumaa asubuhi wanampeleka mbali, kwa mama asiyemjua, akafanye kazi za ndani. Shule basi. Anawaomba wenye sanduku waje kabla.

Hicho nacho ni kilio? Safari ya bure! Mimi nilishika randa nina miaka tisa, nani alinililia? Tena mgeni akiuona mwandiko ule atasema watoto wa huku hawajui kuandika. Nimekitia mfukoni mwa koti. Nitakinakili kwa herufi za heshima.

Jumatano, tarehe 5

Nimejifungia karakanani. Nimewaambia nina mafua na gundi ina harufu. Nimeandika vikaratasi thelathini na saba! Kujifanya mtoto si mchezo. Kumi vya kwanza vilikuja mbio. Halafu nikakauka, ikabidi nichote ya kwangu. Nyonga. Redio ya jirani. Kipande kidogo cha nyama. Kutosikilizwa nikiongea, hilo nimeliandika mara sita, kwa uchungu wa kweli.

Mkono umekufa ganzi. Kile cha mpwa wa Tepe sikukifikia. Kipo kwenye koti, hakiozi.

Alhamisi, tarehe 6

Aibu. Lakini si yangu.

Mama wa mfuko amekuja na faili na viatu visivyo na kelele. Kamati ikafungua sanduku, vikaratasi vikamwagika mpaka sakafuni kama maranda. Mjukuu akaziba mdomo kwa furaha. Nikajikohoza ili nitazamwe.

Mama akasoma kimoja kwa sauti: mtoto analalamika kuwa nyonga inamuuma mvua ikikaribia. Akachukua kingine: tangu mke wake wa pili afariki, hakuna anayemchemshia maji ya kuoga. Watoto wakacheka wakashika matumbo. Tepe, kutoka mlangoni, akauliza mtoto huyo amebakiwa na meno mangapi. Mama hakucheka. Akautazama mwandiko, akaitazama penseli sikioni mwangu, akaligeuza sanduku, akaziona bawaba. Akauliza nani mwingine anaweza kulifungua. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi, wakati wowote nitakao.

Akafunga faili. Akamwambia mjukuu, kwa upole, kwamba mtoto akiweka siri yake humo lazima awe na hakika hakuna mkubwa atakayeigusa. Mwaka huu, hapana. Wajaribu tena mwakani.

Mjukuu hakunigombeza. Alikaa chini akavitenga vikaratasi, vyangu huku, vya watoto huku. Vya watoto vitatu. Akaniuliza, Babu, hakikuwepo kingine? Nikamuuliza kama mimi ananiona mwizi. Nikaenda kulala na koti.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi gari limesimama kwa Tepe. Yule mtoto ametoka na mfuko wa nailoni, kavaa fulana ya kikundi. Kabla ya kupanda alisimama akiitazama karakana yangu muda mrefu, kama anayengoja mtu atoke. Mimi nilikuwa dirishani. Nikampungia. Hakunipungia. Watoto wa siku hizi!

Mchana kutwa mapacha wamelia. Mjukuu alikwenda kuuliza, akaambiwa mtoto kasafiri. Amerudi kajaa machozi. Anasema wangejua hata jana tu wangekwenda wote na fulana zao kusimama mlangoni kwa Tepe, na Tepe anaogopa maneno ya watu. Mbona hakutuandikia, Babu? Nikamwambia pengine hana mwandiko.

Jumapili, tarehe 9

Kikundi kimehama. Wanakutana chini ya ngazi za shule. Sanduku wameniachia.

Sijavunjika moyo. Natengeneza jingine, kubwa mara mbili, mbao ngumu tupu, la mwakani. Bawaba nazifunga kwa nje, kama kawaida. Fundi lazima apate pa kuingilia. Vikaratasi nitaanza kuviandika mapema, safari hii hamsini. Meza ya kazi ilikuwa inayumba, nimekunja kile kikaratasi nikakisokomeza chini ya mguu wake. Sasa imetulia.

Haya yote ni kweli. Anayebisha asimuulize Tepe, ni mwongo. Mjukuu wangu hasemi na mimi. Amuulize yule mtoto, popote alipo. Aliniona kwa macho yake, dirishani, nikimpungia.