Mgonjwa wa Kitanda cha Sita Anaendelea Vizuri

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza maisha mapya. Ni ya tatu tangu Krismasi, lakini haya ndiyo yenyewe.

Sista Mkufunzi, anayetufundisha uuguzi katika chuo hiki cha Kilutheri na ambaye sijawahi kumwona akicheka, ametugawia wagonjwa. Si watu. Masanamu ya plastiki, kila mwanafunzi na lake, kwa siku tano. Tuyaogeshe. Tuyageuze kila baada ya saa mbili yasipate vidonda vya kulalia. Tuyasemeshe kwa heshima, na yote tuyaandike kwenye chati. Atakayefaulu ataingia kanisani Jumapili, katika ibada ya wauguzi, na taa mkononi. Aliye bora kuliko wote atatangulia. Mimi, kwa kuwa narudia mwaka wa pili, nimeitwa pembeni na kuambiwa kwamba nikifeli na hili nifunge virago.

Kuna tatizo dogo. Mama nilishamwambia mwezi uliopita kwamba wa kutangulia ni mimi. Anakuja na kwaya nzima ya akina mama. Wameshashona sare.

Nimepewa kitanda cha sita. Mzee mwenye upara, jicho moja halifumbiki, mguu unalegalega. Nimempa shikamoo. Hakuitikia. Nimeanza kumchukia.

Ukutani pameandikwa: MTAZAME MGONJWA, SI CHATI. Nimesoma mara mbili, wazo likaja. Kama wote watakuwa wanatazama wagonjwa, chati itatazamwa na nani? Saa tatu nilikuwa nimeshaibeba hadi bwenini. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimejaza siku zote tano! Kalamu tatu, ili ionekane ni siku tofauti. Nikaweka na maendeleo, maana mgonjwa asiyeendelea huzua maswali. Jumatatu, uji vijiko viwili. Jumanne, kikombe kizima. Jumatano, ametembea hadi mlangoni na kurudi. Kila mstari unaishia na: Anaendelea vizuri.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi zangu ni msitu.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala hadi saa nne. Nilipoamka nikasoma chati nijue mgonjwa wangu anaendeleaje. Anaendelea vizuri.

Hofu yangu ni Kipimajoto tu. Huyu ni dada tunayesoma naye, mwenye kitanda cha saba, tunamwita hivyo kwa sababu anapima kila kitu, hata chai kabla hajainywa. Nimemchungulia dirishani. Alikuwa anamchana bibi yake wa plastiki nywele na kumweleza kwamba nje kuna mawingu, asiwe na wasiwasi, nguo zimeshaanuliwa. Chumba kizima hakuna mtu! Anamwonyesha nani? Kitanda changu kilikuwa nyuma ya pazia, kwa hiyo mzee sikumwona, ila nilimpungia mkono.

Siwezi kushindwa na mtu anayeongea na plastiki. Nimeandika kadi kwa mkono wa kushoto, kana kwamba imetoka kwa wajukuu wa mzee: Babu, tumefurahi umepata muuguzi mzuri, tena kumshinda yule wa kitanda cha saba. Nikachora na ua. Kesho nitaibandika.

Jumatano, 6 Machi

Balaa!

Nimekwenda kubandika kadi. Nimevuta pazia. Kitanda kitupu! Shuka limenyooka, mto umenyooka, mzee hayupo. Nikakumbuka kwamba kwa mujibu wa chati, muda ule alikuwa anatembea hadi mlangoni. Nikatazama mlangoni. Hayupo.

Nimemkuta kwa fundi wa vifaa, kichwa chini miguu juu, mguu mmoja umefunguliwa. Fundi akaniambia aliletwa Jumatatu saa nne asubuhi na hatarudi wiki hii. Kwa maneno mengine, mgonjwa wangu amekunywa uji, ameoga, amelala usingizi mzuri na kunishukuru kwa machozi, yote akiwa juu ya meza ya fundi.

Nikamwomba fundi anipe angalau kichwa. Alikataa.

Na kesho ni ukaguzi. Nimekaa nikawaza sana. Za mwizi ni arobaini, na leo ni ya tatu tu. Bado nina muda.

Kadi nimeibandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango: mgonjwa akikosekana, muuguzi alale mwenyewe.

Saa mbili kamili nilikuwa kitandani. Pajama la hospitali, bandeji hadi kwenye nyusi, poda uso mzima. Sharubu zangu nilizipaka poda mara tatu. Siwezi kuzinyoa. Zimenichukua miezi saba.

Sista akaingia na wanafunzi wanane wa mwaka wa kwanza. Mchungaji wa chuo nyuma yao, amekuja kuwaombea wagonjwa. Nikatoa jicho moja kama mzee. Sista akasimama juu yangu. Kisha akawaambia wanafunzi kwamba kwa miaka yote aliyofundisha hajawahi kuona sanamu likiota sharubu, na kwamba hii ni dalili ya huduma ya hali ya juu.

Nilijisikia fahari. Kwa sekunde nne hivi.

Akaagiza linyolewe.

Walianza kwa kuniogesha. Maji ya baridi! Wakafika kwenye sharubu. Mwenye wembe alikuwa anatetemeka vibaya. Wote walikuwa wanatetemeka, wengine machozi yakiwatoka, nadhani kwa kumwogopa Sista. Sharubu ya kushoto imekwenda yote. Ya kulia imebaki, kwa kuwa kijana alishindwa kuendelea, akakimbilia nje akiwa ameziba mdomo. Bandeji ikateleza na nyusi moja nayo ikaenda. Mchungaji aliniombea uponyaji, kisha akaombea na sharubu.

Hakuna aliyegundua!

Shida ni kwamba walikaa palepale kuandika. Saa tatu nzima. Nililalia ubavu mmoja, mguu ukafa ganzi, kiuno kikawaka moto. Sijui wagonjwa wanawezaje. Miguu ilikuwa nje ya shuka, barafu tupu, na hakuna aliyeiona kwa sababu wote walikuwa wanaandika kwamba naendelea vizuri.

Walipoondoka tu akaja Kipimajoto. Hakumwangalia mtu. Akaniweka kipimajoto kwapani, akasoma, akaandika. Akanigeuza polepole, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akaweka mto katikati ya magoti. Akaifunika miguu yangu.

Akasema, "Pole, mzee. Umelalia upande mmoja tangu asubuhi, na wewe huna wa kumwambia."

Ukweli ni kwamba nilitaka kulia. Tangu nitoke kwa Mama hakuna aliyewahi kunifunika miguu. Nikabana pumzi hadi akaondoka.

Si mgonjwa wake. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Anapata faida gani? Lazima nichunguze.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa ofisini. Sista amekaa, Mchungaji amekaa, chati yangu iko mezani. Nikajua ni kuhusu nani atatangulia Jumapili.

Sista akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Uji. Matembezi. Machozi ya shukrani. Kisha akaniambia kwamba aliyempeleka mzee kwa fundi siku ya Jumatatu ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Akafika mstari wa mwisho, leo saa kumi jioni: Mgonjwa amefurahia mvua.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jua kali.

Mchungaji akauliza kwa upole kama karama ya unabii ninayo tangu utotoni.

Nikajitetea. Nikasema jana mgonjwa alikuwepo, nina ushahidi. Nikaonyesha mahali sharubu ilipokuwa. Sista akaifunga chati.

"Na huyo uliyemlaza jana," akasema, "alikuwa anaendelea vizuri?"

  Nilikumbuka miguu yangu.

Nilishaanza kuhesabu nguo za kufunga. Kumbe Kipimajoto alikuwa ameulizwa maoni. Alijibu kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita joto lake ni la mtu, si la plastiki, miguu bado ya baridi, kwa hiyo asiruhusiwe kurudi nyumbani. Sista akakubali. Taa Jumapili sishiki. Ila wiki ijayo nitalala kitanda cha sita kuanzia asubuhi hadi jioni, nihudumiwe na mwaka wa kwanza, na kila baada ya saa mbili niandike kwa ukweli ninachokisikia na ninachojifunza. Nisipoandika kwa ukweli, virago.

Nimeokolewa na Kipimajoto! Bado sijaelewa anapata nini.

Jumapili, 10 Machi

Ibada ilikuwa nzuri. Kipimajoto alitangulia na taa, hatua kwa hatua, macho kwenye mwali usizimike. Mimi niliwekwa mlangoni kugawa vitabu vya nyimbo, nusu sharubu, nyusi moja.

Mama na kwaya yake walikuwa benchi la mbele, wote wakigeuka kunitafuta. Baada ya ibada alinishika uso akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimechaguliwa peke yangu kwa utafiti maalumu, wa kulala. Akawaambia wenzake. Wakapiga vigelegele. Mama akasema, "Jumatano nitakuja nikuone, mwanangu. Nitakaa kutwa." 

Hapo ndipo nilipoamua kwa dhati kubadilika. Sista anataka ukweli kila baada ya saa mbili, na kitandani kuandika kunachosha. Kwa hiyo nimekaa mchana huu bwenini na daftari na kalamu tatu.

Jumatatu, saa mbili: Nimegeuzwa. Nimeguswa moyoni.

Jumanne, saa nne: Nimewaelewa wagonjwa.

Jumatano, saa sita: Mama amekuja. Tumelia wote wawili.

Alhamisi, saa nane: Nimemsamehe mzee kwa kutoitikia shikamoo.

Ijumaa, saa kumi jioni: Nimejifunza kutoandika jambo kabla halijatokea. Mvua inanyesha.