Ada ya Kulindiwa Heshima

Benki ya Mkono Mwema, tawi la mji mdogo wa Akçadere, ilitangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba kuanzia sasa hakuna mteja wake atakayeaibishwa mbele ya watu. Kadi ya mkopo ikifika kikomo, haitakataa tena dukani huku foleni nzima ikitazama. Itaendelea kununua kimya kimya, na benki, kwa ustaarabu wake, itamkata mteja kitu kidogo kiitwacho Ada ya Kulindiwa Heshima. Tangazo hilo liliandikwa na Muammer, Mkuu wa Kitengo cha Kuvuka Vikomo, mtu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na moyo mwepesi wa huruma. Kila alipolisoma lilimgusa upya.

Kadi yake mwenyewe ilikuwa imevuka kikomo tangu aliponunua makochi ya ngozi na televisheni ya ukuta mzima. Lakini wafanyakazi wa benki walisamehewa ada, kwa kuwa heshima yao ilikwisha kulindwa na vyeo.

Wateja wote walishukuru kwa kunyamaza, isipokuwa mmoja. Huyu alikuwa Refika, mjane mwenye kijiduka cha chai chini ya jengo la wilaya. Alinunua sukari na majani ya chai kwa kadi, akavuka kikomo kwa kiasi kisichotosha hata mkate, akakatwa ada. Ada ikaandikwa kwenye kadi ileile, ikamvusha kikomo upya, akakatwa nyingine. Ikaendelea hivyo mpaka fedha za kodi ya kijiduka zikaliwa zote, na wilaya ikampa hadi Ijumaa alipe au akabidhi ufunguo. Refika akapeleka shauri kwenye Baraza la Usuluhishi, ambalo hukaa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo.

Muammer aliumia sana. Si kwa ajili ya fedha, maana fedha zilikuwa za benki, bali kwa kuona wema unashtakiwa. Akanunua suti mpya kwa kadi, akaenda kuutetea mwenyewe.

Kikao kilianza na suala zito la kiutaratibu: je, mlalamikaji anaweza kuwahudumia chai watu wanaosikiliza lalamiko lake? Wajumbe walilichambua kwa kina, wakaafikiana kwamba anaweza, kwa sababu hapakuwa na chai nyingine. Suala la choo cha jengo, kilichofungwa kwa ukarabati tangu enzi za mkuu wa wilaya aliyepita, liliahirishwa kama kawaida.

Muammer akasimama kutoa hoja, na Refika akamwekea bilauri ya kwanza. Akainywa. Akawekewa nyingine, akainywa pia. Akçadere hata mtoto anajua kwamba aliyetosheka hulaza kijiko juu ya mdomo wa bilauri, na asiyelaza huongezewa. Lakini Muammer alikuwa amezama katika hoja, na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini ikisisitiza. Chai iliendelea kuja.

"Asiyekataa ameomba," alisema. "Mama huyu alikuwa ananunua, sisi tukamwacha anunue. Tungemkatalia mbele ya watu, tungekuwa watu wa namna gani?"

Mwenyekiti, mzee mmoja mpole aitwaye Tahsin, aliuliza kama kuna mahali popote mama huyu alipotia saini kwamba anataka kulindiwa heshima.

"Ustaarabu hautiwi saini, Tahsin Bey," alijibu Muammer, akitia ile "Bey" ya kumheshimu mzee.

Refika, akiwa ameshika birika, alisema kwamba aliwapigia simu benki. Aliwaambia kadi ikifika mwisho isimame, na yeye asimamishwe, basi.

"Tulimsikia," Muammer alikiri kwa upole. "Tukajua ni aibu tu inayomsemesha. Muungwana akiambiwa basi mara moja, haachi."

Aliketi akiwa ameridhika, na hapo ndipo alipogundua hali yake. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma chini ya suti mpya. Akachukua kijiko, akakilaza juu ya bilauri kwa adabu zote.

Refika akakiinua kijiko taratibu, akakiweka kando, akajaza.

"Dada Refika, nimetosheka."

"Ni aibu tu inakusemesha, Muammer Bey. Kunywa."

Mjumbe mmoja alijificha nyuma ya faili. Muammer alielewa mtego ulivyokaa: akikataa bilauri, hoja ya benki imekufa, akiinywa, huenda akafa yeye. Alikuwa mtumishi mwaminifu wa taasisi, akainywa. Ikajazwa. Akanywa tena, jasho likimtoka, magoti yamebanana, akimwona mama yule akirudi na birika na tabasamu la ukarimu usio na kikomo.

"Nimesema basi!" akafoka. "Mtu akisema basi, ni basi!"

Tahsin alimgeukia karani kuuliza kama ameliandika hilo neno kwa neno. Karani alikuwa ameliandika na kulipigia mstari. Baraza likaamua papo hapo kwamba ada zote zirudishwe siku hiyo, na kwamba tangu saa hiyo kila kadi ambayo mwenyewe hajatia saini ya kuomba kuvuka isimame kwenye kikomo chake.

Muammer alitoka upesi. Akiwa kwenye ngazi aliipigia simu benki na kuagiza huduma izimwe, kadi zote, sasa hivi, asije mtu akasema taasisi yake ni nzito kutekeleza. Kisha akavuka uwanja kwa hatua fupi fupi hadi choo cha kulipia karibu na soko.

Mlangoni aliketi mzee mwenye kofia ya sufu, mbele yake mashine ya kadi na chupa ya marashi ya limau. Sarafu Muammer hakuwa nazo; mtu wa cheo chake habebi sarafu. Akagusisha kadi. Mashine ikalia.

"Imekataa, bwana wangu."

"Jaribu tena."

Mzee akajaribu tena. Nyuma foleni nzima ilikuwa ikitazama.

"Mzee, mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Kuvuka Vikomo."

"Hongera. Lakini hapa huvuki."

Refika alikuwa akitoka kununua sukari. Alimwona Muammer amesimama kwa mguu mmoja, akaweka sarafu mezani.

"Mpitishe, baba. Ni mgeni wangu."

Muammer alijitosa ndani. Mzee akamuuliza Refika kama anadhani yule bwana atamrudishia hela yake.

"Hiyo sarafu namwachia," alisema Refika, akaketi kwenye benchi kumsubiri. "Kuna ada tu, ya kumlindia heshima."