Salongo kwa Ajili ya Uhuru

Jumatatu, 14 Agosti

Kikao cha Tume ya Mkoa ya Ukumbusho wa Mwisho wa Utumwa, ofisini Himbi, hapa Goma. Mwenyekiti: mimi, Mirindi. Bado napenda kuliandika neno hilo. Nshobole, mke wangu, amekuwa akinitambulisha kwa watu kama "yule wa vyeti vya kuzaliwa", na sasa anasema "mwenyekiti". Kwa kutania, lakini anasema.

Habari mbaya. Sherehe ni tarehe 23, na Kinshasa inamtuma mjumbe. Akiridhika, nabaki mwenyekiti. Asiporidhika, kiti kinakwenda kwa makamu wangu, Ézéchiel.

Ézéchiel ni mtu wa Masisi. Anakumbuka majina ya watoto wa kila mtu, na huja vikaoni na jibini la kwao, amelikata vipande tayari. Mimi huja na ajenda. Nimekula vipande viwili kwa chuki.

Halafu kuna uwanja wenyewe, kule mtaa wa Mabanga. Umejaa mawe ya volkano. Hema halisimami, viti havikai. Nani atayaondoa? Watu walikuwa wanatafuna.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Padri alihubiri kirefu na mimi nikapata wazo. Salongo! Mtaa mzima hutoka Jumamosi kufanya kazi ya mikono, bila malipo, serikali ikiamuru. Basi mimi si serikali? Nina muhuri.

Nilitabasamu wakati wa kukusanya sadaka. Nshobole akaniuliza nina nini. Nikasema neema.

Jumatano, 16 Agosti

Nimeandika tangazo. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kila nyumba ya Mabanga ilete mtu, na beseni au sururu. Asiyekuja, duka lake halifunguliwi. Barabara itafungwa, na atakayepita atabeba mawe kwanza. Familia za wajumbe wa Tume zimesamehewa.

Nilidhani Ézéchiel atapinga. Wapi! Ameunga mkono kabla sijamaliza kusoma. Ameomba tu tangazo litoke kwa jina langu peke yangu, maana wazo ni langu. Huenda nimemwonea bure mtu huyu.

Nshobole amelisoma nyumbani. Akauliza kama na mimi nimelisoma.

Alhamisi, 17 Agosti

Mama Bénédicte amekuja ofisini. Anauza maharagwe Mabanga, na ndiye kiongozi wa kwaya itakayoimba siku ya sherehe. Nilimpa kiti, akakataa. Akasema akiwa amesimama:

"Papa Prezida, tuko nakumbuka batu benye balibebeshwa mizigo kwa nguvu. Na weye uko natubebesha mabwe kwa nguvu?"

Nilimweleza tofauti kwa upole. Watumwa hawakupewa taarifa mapema. Yeye amepewa siku mbili nzima. Alinitazama namna anavyoyatazama maharagwe yenye wadudu. Akasema babu yake alipasuliwa mgongo kwa kubeba mawe ya barabara ya Wabelgiji, hakuulizwa hata jina lake, na kwaya ya mjukuu wake haiimbi kwa mtu wa namna yangu.

Nikamjibu kwamba huo ndio uhuru wake. Lilikuwa jibu zuri. Lakini jioni nilirudisha nusu ya ugali wangu jikoni.

Jumamosi, 19 Agosti

Ushindi! Karibu Mabanga yote ilitoka. Walinuna, lakini walitoka. Mimi nilisimama kwenye kizuizi cha barabara na kipaza sauti. Kila pikipiki iliyofika, abiria alishushwa.

Kulikuwa na mwanamume mmoja mnene, mwenye viatu vyeupe na mkoba mdogo. Akajitetea kwamba ni mgeni mjini. Nikamwambia siku ya salongo hakuna mgeni. Akatoa kadi fulani mfukoni. Nikamwambia kadi haibebi jiwe. Watu walicheka sana, nikajisikia vizuri. Nikampa beseni. Kila alipopumzika nilimpigia kelele kwenye kipaza sauti: "Papa wa viatu vyeupe, mugongo! Mugongo!"

Halafu nikamwona Nshobole. Kwenye mstari! Jiwe kichwani, kitenge kimejaa vumbi. Nikamvuta pembeni, nikamkumbusha kwamba amesamehewa kwa maandishi. Akasema anaona vibaya kukaa nyumbani wakati jirani zake wanabeba, na hakuna aliyemtuma. Akarudi mstarini. Nilimwona akimvulia yule mnene ngata yake na kumfundisha kuiweka kichwani. Baadaye walikaa chini wakagawana hindi la kuchemsha, wakicheka.

Kabla ya jua kuwa kali uwanja ulikuwa mweupe, hakuna jiwe. Nilimpongeza mtu wa viatu vyeupe mbele ya wote kama mfano wa raia mwema. Viatu havikuwa vyeupe tena.

Jumatatu, 21 Agosti

Ole wangu.

Mjumbe wa Kinshasa ameingia ofisini. Anaitwa Papa Rémy. Vidole vimefungwa bendeji, shingo haigeuki. Alifika mapema, akasema, apate kuuona mji kabla ya hotuba. Na ameuona, jiwe kwa jiwe.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikamkaribisha Goma. Ézéchiel alikuwa ameshamvutia kiti na kumwekea jibini, huku akisema kwa huzuni kwamba lile tangazo yeye alikuwa na mashaka nalo tangu mwanzo, lakini kama linavyoonekana, lina jina moja tu.

Papa Rémy alisema uamuzi atautoa Jumatano, mbele ya watu. Nyumbani nilimweleza Nshobole kila kitu. Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka chakula kilipoiva.

Jumanne, 22 Agosti

Hakuna kwaya! Sherehe bila wimbo, mbele ya mtu niliyembebesha mawe. Lazima nitende. Nimeandika tangazo la pili: "Kwaya ya Mama Bénédicte inatakiwa kuimba kwa hiari yake, kesho, saa tatu kamili."

Nshobole alijitolea kulipeleka yeye mwenyewe. Alikaa huko mchana kutwa. Amerudi vidole vimechakaa kwa kuchambua maharagwe, akasema watakuja. Tangazo lililoandikwa vizuri lina nguvu yake.

Jumatano, 23 Agosti

Kwaya ilikuja. Kabla ya kuanza, Mama Bénédicte alisema wanaimba kwa sababu ya Mama Nshobole, aliyebeba mawe pamoja nao bila kutumwa, na jana akaja kuwaomba. Nikashangaa kidogo, maana tangazo hakulitaja. Waliimba wimbo ambao babu zao waliuimba wakibeba mawe ya barabara. Ulikuwa mfupi, wa mtu anayepumua kwa shida. Nililia, na sikujificha. Nilikuwa kama namwona yule babu wa Mama Bénédicte.

Kisha Papa Rémy. Akasema amesoma mengi juu ya utumwa, lakini Jumamosi alisomeshwa kwa shingo. Watu walicheka mpaka kamba za hema zikatikisika. Nikatazama viatu vyangu. Akasema alishaandika kwamba niondolewe. Ézéchiel akanyoosha tai yake.

Lakini, akasema, kuna mama aliyempa ngata yake na nusu ya hindi lake, wakaongea, na hakumwambia hata mara moja kwamba yeye ni mke wa nani. Amekuja kujua baadaye. Na mtu ambaye mama kama yule anakaa naye kwa hiari, hata akiwa mpumbavu, lazima kuna kitu kizuri ndani yake ambacho bado hakijatoka. Kwa hiyo abaki, kwa sharti moja: asimwamuru tena mtu yeyote kufanya kazi.

Makofi. Nilimtafuta Nshobole. Alikuwa nyuma kabisa katikati ya kwaya, amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Itifaki haimruhusu mwenyekiti kuacha kiti kabla ya mgeni rasmi. Niliacha kiti. Nilipita safu zote, nikakaa chini karibu yake, na Mama Bénédicte akasogea kidogo kunipa nafasi.

Alhamisi, 24 Agosti

Nimeamka mwenyekiti! Nimetafakari kwa utulivu sababu ya ushindi wangu, na naiona wazi. Ni msimamo. Mwingine angemruhusu yule mtu apite na pikipiki yake. Kinshasa wanaheshimu mtu asiyeyumba, hata kama kwa adabu wanasifu wake zetu.

Na lile sharti nalikubali kabisa. Asiamuriwe mtu! Nimeshaandika tangazo jipya, nakala za kutosha Mabanga yote na mtaa wa Ndosho pia. Kuanzia sasa kazi ya uwanja ni ya kujitolea. Wanaojitolea wote wafike Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa. Ambaye hatajitolea, jina lake litasomwa hadharani.

Nimempa Nshobole asome. Amelisoma mara mbili. Amenitazama, akaninyooshea kola ya shati, akaniita mwenyekiti wake. Kisha akasema atazigawa nakala yeye mwenyewe, zote, nisijisumbue. Ametoka nazo sasa hivi kwa mlango wa nyuma, zimejaa beseni, na kiberiti juu yake. Bila shaka anapitia kwa Mama Bénédicte kumwashia jiko. Mwanamke mwenye moyo!