Simu Mpya kwa Wote Waliotoa ya Zamani

(Ukumbi wa parokia, mtaa wa Makomeno, Lubumbashi. Mkutano uliitishwa saa tatu asubuhi. Mheshimiwa anapanda jukwaani saa tano ikiwa imepita. Wanapiga makofi wale walioagizwa kupiga makofi.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkoa, ambaye kiti chake kitupu kinamwakilisha kikamilifu. Mheshimiwa Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye naye amezuiliwa na majukumu yaleyale. Baba Padri mwenye ukumbi huu, aliyetupatia viti bila kuuliza maswali mengi. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na wakuu wa vitengo vidogo vilivyo chini ya vitengo. Bwana Séverin wa protokoli, ambaye ndiye aliyeshika sanduku. Wazee wastaafu wa migodi na wa reli. Mama wajane wa wastaafu hao. Wafanyabiashara wa jumla mliotoka Kivu Kaskazini kutuletea maharagwe. Wageni wa kutoka Pweto, ambao harufu ya samaki wenu wakavu ilitufikia kabla yenu. Na ninyi wengine wote, kila mmoja kwa cheo chake au kwa kukosa kwake cheo: itifaki yote ikiwa imezingatiwa.

Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu ule mkubwa ulionifanya nijulikane katika mkoa mzima, mimi Constantin Mwila, msomi wa sayansi ya utawala, Mratibu Mkuu wa kitengo kiitwacho Selule ya Mpito wa Kidijitali, mwenyekiti wa kamati inayoifuatilia selule hiyo, na ripota wa kamati inayomfuatilia mwenyekiti. (Makofi. Séverin anaonyesha kwa mkono kwamba yanatosha.)

Historia itakumbuka kwamba, kabla mvua hazijaanza, selule yangu ilizindua Operesheni Simu Mpya, ambayo cahier des charges yake, yaani orodha ya masharti, ni nyepesi kiasi kwamba hata ninyi mliielewa: mwananchi analeta simu yake ya zamani, selule inampa simu mpya. Nanyi mkaleta. Mlipanga mstari kutoka mlango huu hadi barabarani, mikononi mmebeba zile simu za haut de gamme, yaani za daraja la juu, zilizotamba miaka sita iliyopita, ambazo mlizinunua za mtumba kule mpakani Mokambo au mlitumiwa na watoto wenu walioko Ulaya, na ambazo mlizivisha mifuko ya sufi kana kwamba ni watoto wachanga. Mlizitoa kwa hiari kamili, baada ya kuelezwa kwamba asiyetoa hatakumbukwa. (Manung'uniko katika safu za nyuma.) Nayasikia manung'uniko hayo, na nayapokea kama shukrani za watu wasiozoea kushukuru.

Hata hivyo, hakuna mageuzi makubwa yasiyokutana na vichwa vigumu, na kiongozi bora hamtaji mtu kwa jina mbele ya umati. Kwa hiyo sitamtaja Mama Germaine, mjane wa marehemu Pierre aliyekuwa dereva wa treni, ambaye ameketi safu ya pili akiwa amevaa kitenge cha kijani, na anayenitazama hivi sasa. (Vichwa vinageuka. Mama Germaine hageuki.) Mama huyu, badala ya kungojea simu mpya kama raia mwenye maono, amekuwa akija ofisini kwangu, akikaa kwenye benchi la nje na rozari yake, akimweleza kila mtumishi apitaye kwamba simu mpya haihitaji, kwamba kwake ile ya zamani inatosha, kwa sababu eti mume wake yumo ndani. Nilimkaribisha. Nikamuuliza, kwa upole wa kitaalamu, mume wa mtu anaingiaje ndani ya simu. Akanijibu kwamba marehemu, miezi michache kabla ya kufa, aliiweka sauti yake humo kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba hana mahali pengine popote pa kuisikia. Nikamfafanulia kwamba sauti ni data, na data haina mume wala mke, na kwamba katika simu hakuna mtu ndani. Akashukuru, akatoka. Wiki iliyofuata akarudi, akaketi palepale. (Sauti ya mwanamke: "Umurudishie tu, Excellence.") Subira, mama. Kurudisha ni kurudi nyuma, na selule yangu hairudi nyuma.

Kwa ajili yake, basi, na kwa ajili ya wote wenye moyo wa jana, nimeamua leo kufanya ulinganisho wa kisayansi baina ya simu ya daraja la juu ya zamani na simu ya daraja la kati iliyo mpya, ili atakayeendelea kulia baada ya hapa alie kwa ujinga wake mwenyewe na si kwa kukosa elimu kutoka kwangu.

Tuanze na betri. Betri ya simu ya zamani imechoka. Mkiitoa kwenye umeme alfajiri, ikifika saa kumi inaomba tena, kama mstaafu anayeulizia pensheni. (Wastaafu hawacheki.) Betri ya simu mpya ni pana, ni nene, inakaa siku mbili, na katika majaribio tuliyoyafanya kwa kutoiwasha ilikaa hata zaidi. Twende kwenye kamera. Ya zamani ina kamera chache zenye namba ndogo, na nakiri kwamba picha yake ya usiku inaonyesha uso wa mtu jinsi ulivyo; lakini nani miongoni mwenu amewahi kufaidika kwa kuonekana jinsi alivyo? Simu mpya ina namba kubwa mno, imeandikwa mgongoni kwa rangi ya dhahabu, na kama picha ya arusi itatoka na bibi arusi aliyelainishwa mpaka pua haionekani, hilo ni jambo la familia kusherehekea. (Kicheko. Mheshimiwa anakichukulia kuwa ni cha kumpongeza, anainamisha kichwa.)

Mwili wake je? Ule wa zamani ni kioo na chuma. Nimesikia ushuhuda wa Mama Kasoki, mfanyabiashara wa maharagwe, ambaye yake ilizama katika ndoo ya maji, akaifuta kwa kitenge, na jioni ileile akaagiza lori zima la maharagwe kwa kutumia simu hiyohiyo. Huo nauita ukaidi. Simu mpya ina mgongo wa plastiki, nyenzo ya kisasa, yenye unyenyekevu, inayojua mipaka yake. Mnaombwa tu msiitoe nje wakati wa mvua. (Mama Kasoki, kwa sauti ya kawaida: "Hapa mvua inakamata miezi tano.") Miezi mitano hiyo mtaitumia ndani ya nyumba, mama, na mtakuwa karibu na familia. Kuhusu mise à jour, yaani yale marekebisho ambayo kiwanda hutuma ili simu isizeeke, ile ya zamani imeshasahauliwa na walioizaa; mpya imeahidiwa marekebisho ya miaka minne. Imeahidiwa, ndugu zangu. Watu wa Makomeno, ninyi kuliko wote mnajua thamani ya ahadi.

Nimalizie na tabia, maana chombo nacho kina tabia. Simu ya zamani ina kiburi. Ipo moja ambayo ninaifanyia utafiti wa binafsi, kwa gharama ya muda wangu wa mapumziko. Nimeweka kadi yangu ya laini ndani yake, napokea simu za wakubwa bila tatizo, lakini nikitaka kuifungua nipige mimi, inadai kidole cha mwenyewe. Mimi, mtu ambaye sahihi yangu inafungua milango ya ofisi nne. Ndipo nilipoelewa kwa nini nchi haisongi mbele.

Bwana Séverin, sanduku. (Séverin analileta. Mheshimiwa anatoa simu inayong'aa, anaiinua juu kwa mikono miwili kama padri anavyoinua kikombe. Baba Padri anatazama dari.) Tazameni. Angalieni ukubwa wa kioo, angalieni rangi. Imewaka tangu nilipoitoa, na wala sijaigusa kitufe hata kimoja. Hiyo ndiyo inayoitwa akili ya kisasa. (Mama Kasoki anasimama: "Excellence, ile simu iko inaonyesha saa ine na dakika munane tangu uliitosha mu sanduku. Haitembeye?") Saa ya simu mpya, mama, haikimbizani na watu, inatulia mpaka watu wawe tayari. (Mzee mmoja: "Ni ile ya kuweka mu vitrine ya magazini, ba mama. Kioo ni karatasi." Kicheko kirefu. Séverin anafunga sanduku.) Nakataa lugha ya vitrine, lugha ya madirisha ya maduka. Hii ni simu ya mfano, na mradi wowote mkubwa huanza na mfano, kama vile nyumba huanza na mchoro. Nanyi tayari mmeshauona mchoro, jambo linaloiweka Operesheni hii kwenye asilimia mia moja na tatu ya malengo yake. Zaidi ya hayo, kama inavyoonyesha simu yenyewe, bado ni saa nne, na muda tunao wa kutosha, hivyo naomba nianze sehemu ya pili ya hotuba, inayohusu maono yangu hadi mwaka 2050, nayo ina

(Saa sita kamili mchana, mlio wa kengele ya simu kutoka katika koti la mheshimiwa. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za injini: "Germaine, midi iko inalia. Simama, tusali. Malaika wa Bwana alimupasha Maria habari." Ukumbi mzima unasimama.)

Ah. (Anaweka mkono kifuani.) Ah, ndugu zangu. Sikutarajia. Nimehutubia Kolwezi, nimehutubia Likasi, hakuna mahali ambapo umma ulisimama hivi kwa pamoja, bila kuagizwa, kwa ajili ya maono yangu ambayo hata sijayasoma. (Ukumbi unaitikia kwa sauti moja: "Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mutakatifu." Baba Padri ameinamisha kichwa. Wazee wamevua kofia.) Naona mmeandaa hata maneno ya kuitikia, nimeguswa, nimeguswa mno, ingawa maneno yenyewe sijayaidhinisha. Tafadhali ketini. Ketini, jamani, unyenyekevu wangu una kikomo. (Hakuna anayeketi. Sauti katika koti inaendelea na Salamu Maria, nao wanaendelea nayo, mpaka mwisho.) Bwana Séverin, ni nani anayesema juu ya hotuba yangu? Yuko wapi huyo mtu? (Séverin anaangalia koti la mheshimiwa. Wote wanaangalia koti la mheshimiwa.)

Huu ni utafiti. Nilishawaarifu, dakika chache zilizopita, kuhusu utafiti wa binafsi. (Mama Germaine ametoka katika safu ya pili. Watu wanampisha njia. Anapanda jukwaani polepole, anasimama mbele ya mheshimiwa, anafungua kiganja.) Mama, rudi mahali pako, kuna utaratibu, kuna ofisi, kuna benchi ambalo tayari unalijua. Itifaki hairuhusu raia kupanda hapa. (Mama Germaine, bila kuinua sauti: "Uliniambia mu simu hamuna muntu. Sasa nani aliniita mu mufuko yako?")

(Mheshimiwa anageuza karatasi za hotuba, kwanza mbele, kisha nyuma.)

Swali hilo litapelekwa kwenye tume. (Kiganja hakishuki. Baba Padri anakohoa. Mheshimiwa anatoa simu, anaishika kwa ncha za vidole viwili.) Ieleweke basi kwamba hii siyo kurudisha, ni kukabidhi kwa muda, kwa madhumuni ya vulgarisation, yaani kueneza elimu miongoni mwa wajane. (Mama Germaine anaweka kidole chake juu ya kioo. Simu inafunguka palepale. Anaitazama kidogo, kisha anachomoa pini ya kitambaa chake cha kichwa, anaichomeka katika tundu la upande wa simu, anatoa kadi ya laini ya mheshimiwa na kuilaza juu ya karatasi za hotuba. Anafunga simu katika pindo la kitenge na kupiga fundo.) Mmeona wenyewe, inafunguka vizuri. Nilikuwa karibu kufikia matokeo hayohayo. (Mama Kasoki: "Na yangu iko wapi?" Sauti nyingine nyingi: "Na yangu?")

Kwa maswali hayo ya kizalendo nafunga mkutano. Semeni pamoja nami: Simu mpya! (Hakuna anayeitikia.) Maisha mapya! (Hakuna.) Ya zamani, hapana! (Mzee: "Ya zamani njo ilisali.") Selule, oyé! (Séverin peke yake, kwa sauti ya chini: "Oyé.")

Imebaki kushukuru, na kushukuru ni desturi yangu. Namshukuru mfadhili wa Operesheni hii, ambaye tutaanza kumtafuta mara tu mradi utakapokuwa umeandikwa. Nawashukuru wataalamu watakaouandika, pale nafasi zao zitakapotangazwa. Nakishukuru kiwanda kitakachotengeneza simu hizo, ambacho bado hakijui bahati yake. Namshukuru mwenye duka la mjini aliyetuazima simu ya mfano, na ambaye anaihitaji kabla ya jioni, kwa hiyo Bwana Séverin asilikalie sanduku. Zaidi ya yote nawashukuru ninyi, wananchi wa Makomeno, kwa sababu bila simu zenu Operesheni Simu Mpya isingekuwa na simu hata moja. Na namshukuru Gauthier, dereva wangu, ambaye baada ya kunishusha hapa ameshika njia ya Mokambo na mfuko wa mwisho wa mchango wenu, kabla wanunuzi hawajafunga. (Ukumbi unasogea mbele, bila haraka, mpaka kwenye ngazi za jukwaa.)

Msisogee. Msisogee, jamani, nami natoka, na kama mnavyoona natoka kwa miguu. Ila kabla sijatoka ningeomba huduma ndogo ya kiraia. Kadi yangu hii hapa. Ninahitaji kumpigia Gauthier ageuze gari. Je, kuna mtu humu mwenye simu? Haidhuru, hata ya zamani.

(Hakuna mwenye simu, ila mmoja. Mama Germaine amekwisha kufika mlangoni, mkono juu ya fundo la kitenge. Anatoka.)