Kipa Wangu Kaenda Italia

Jumatatu, 6 Aprili 1908

Siku ya tisa ya ndoa! Mimi ni Bibi Heslop! Nimeandika jina hilo mara nne nyuma ya kitabu cha mapishi, kwa furaha tu.

Mume wangu Cuthbert ni kipa wa timu ya kijiji chetu, Hagg Burn. Mabega yake kama mlango wa kanisa. Leo amepanda kutoka shimo la makaa na habari: timu imealikwa Italia, kombe la Pasaka! Wachimba makaa kumi na mmoja, wachezaji wa ridhaa, wasiolipwa hata kikombe cha chai, watapambana na Waswisi na Wajerumani. Nikapiga makofi. Kisha nikaingia jikoni nikalia juu ya unga. Siku kumi na moja bila yeye! Na mimi nimekuja kuolewa mtaa huu, simjui mtu.

Nilikwenda kumwomba katibu wa timu, Bwana Tunstall, nami niende. Akasema, bibi, tunakwenda kucheza mpira, hatwendi fungate.

Haya. Basi Cuthbert haendi. Nina mpango.

Alhamisi, 9 Aprili

Mpango ni huu. Kila mchimba makaa hapa anajua kwamba mgongo ukioshwa, nguvu zinakwisha. Wanaosha uso, kifua, mikono. Mgongo haugusi maji. Unapanguswa kwa kitambaa kikavu, basi. Jumamosi kuna mechi ya mwisho kabla ya safari. Kipa akiwa dhaifu, ataachwa nyumbani na mkewe. Maskini!

Leo akasinzia ndani ya beseni mbele ya moto. Nikachukua sabuni. Nikasugua! Mgongo ukatoka mweupe kama maziwa, na makovu ya buluu ambayo makaa yamemwachia. Saba. Nilibusu kila moja. Akashtuka, akapiga kelele kwamba nimemuua. Kisha akasema, hapo chini kidogo.

Jumamosi, 11 Aprili

Balaa. Amedaka penalti mbili! Bwana Tunstall alimkumbatia. Cuthbert akawatangazia wenzake kwamba mgongo wake ni mwepesi kama unyoya, na siri ni maji na mke. Jioni hii nusu ya mtaa imo kwenye mabeseni ikidai kusuguliwa.

Jumatatu, 13 Aprili

Bombani wanawake walinikata jicho. Bibi Dodd, mke wa beki wa kulia, akasema, haya, bibi harusi, miaka ishirini sijaosha mgongo wa mtu, sasa ninao wa mume na wa wanangu watatu, na maji nachota mimi. Wakacheka, lakini si cheko la kunikaribisha. Nilibeba ndoo yangu peke yangu.

Kesho alfajiri wanaondoka. Mpango wa pili uko tayari, na huu haukosei. Mchimba makaa akikutana na mwanamke njiani alfajiri, hurudi nyumbani. Ni mkosi. Siku hiyo haendi popote.

Jumanne, 14 Aprili

Nimefaulu! Halafu sikufaulu.

Saa kumi na moja alfajiri nilimwambia Cuthbert nakwenda kukoka moto, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Shali yangu sikuiona gizani, nikachukua iliyoning'inia uani, nikajifunika hadi puani. Nikasimama kwenye kona ya njia. Wakaja na taa, wanaimba. Waliponiona, wimbo ukakatika. Wote kumi na mmoja wakageuka kama kondoo! Nyuma akabaki Bwana Tunstall na mkokoteni wa masanduku, analia kwamba hii ni njia ya stesheni jamani, si ya shimoni.

Nikakimbia kwa uchochoro. Cuthbert alipoingia, nilikuwa nimeinama kwenye moto, mwanamke mtulivu. Tukapata saa moja na nusu nzima pamoja! Tulikunywa chai. Alinishika mkono, akasema mkosi mwingine una utamu wake. Sijawahi kupendwa hivi.

Kisha Bwana Tunstall akapita nyumba kwa nyumba akitoa hukumu: aliyerudi akaketi na kunywa chai ameanza siku upya. Wakaenda na treni ya saa tatu. Nimebaki na kikombe chake. Bado kina joto.

Na hili nalo: ile shali ni ya kijivu, pindo jekundu. Mtaa mzima unaijua. Ni ya mama mkwe wangu, tunayechangia naye ua na ukuta mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Niliandaa sahani mbili kwa mazoea. Nikala zote mbili, moja baada ya nyingine, nikibadilisha kiti.

Hapa mwanamke akitaka mwenzake aje kwa chai, hugonga ukuta wa nyuma ya moto kwa chuma cha kuchochea. Mara tatu. Nasikia wakigongana mtaa mzima, kama ndege. Kwangu hagongi mtu. Kwa mama mkwe pia hagongi mtu tangu Jumanne. Nasikia akikohoa. Najua anakunywa chai yake peke yake, nami yangu, na kati yetu tofali moja.

Jumapili, 19 Aprili

Pasaka. Nilichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu yakawa rangi ya dhahabu. Desturi ni kugonganisha yai lako na la mwenzako, lenye kupasuka limeshindwa. Niligonganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto umeshinda. Nikaupongeza.

Saa tisa alasiri, saa ya mechi yao, nilisimama dirishani nikielekea Italia, nadhani. Huenda ilikuwa Skotlandi.

Jumanne, 21 Aprili

Telegramu imefika kwa mke wa katibu. Treni ya saa tatu iliwakosesha meli, wakakwama bandarini wakingoja nyingine. Walisafiri wamesimama, wakafika saa ileile ya mechi, hawajalala. Waswisi tano, sisi bila. Kipa wangu kafungwa mabao matano kwa ajili ya kikombe cha chai!

Mchana nikaona mtu amemwaga masizi kwenye kizingiti cha mama mkwe. Yeye yuko magotini, anasugua, miaka sitini na miwili. Moyo ukanipasuka. Nikapiga magoti kando yake, nikasema, Mama, ile shali, aliyeivaa ni mimi.

Hakuacha kusugua. Akasema, najua, binti yangu, shali yangu ilirudi inanukia maua ya harusi yako, mimi nanukia kitunguu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema wakijua ni wewe, watamcheka mwanangu kule shimoni mpaka azeeke. Mimi wakininunia, napumzisha masikio. Kisha akaniambia nimwachie kitambaa hicho, naeneza tu uchafu.

Nimelia sana. Nimeapa: hila basi! Jioni aligonga ukuta. Mara tatu. Nilitoka mbio na kiatu kimoja.

Jumamosi, 25 Aprili

Karudi! Amekonda, amechomwa jua, mzuri kupindukia! Jumatatu waliwafunga Wajerumani mabao mawili kwa moja, wakawa wa tatu, wamepewa medali. Mimi nimepewa limau lenye majani yake. Nililala nalo mchana, yeye akikoroma upande wa pili. Ile habari ya njiani sijamwambia. Mama kanikataza, nami ni mkwe mtiifu.

Nimemsugua mgongo. Makovu yote saba yapo.

Halafu, akiwa amefumba macho, akasema watu wa Denmark nao wametualika, mwezi wa sita. Siku kumi. Safari hii ni meli moja kwa moja kutoka bandari ya Newcastle. Nikasema hongera, mume wangu. Nikaendelea kusugua.

Mwisho wa mtaa anakaa mzee Pybus, aliyekuwa baharia miaka thelathini. Nasikia mabaharia nao wana miiko yao, tena mingi kuliko ya wachimba makaa. Kesho baada ya ibada nitampelekea keki, nimuulize taratibu, kwa elimu tu.