Kibao Juu ya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe anafika Jumamosi! Anakuja huku ughaibuni kukagua chumba changu. Akikikubali, mke wangu atanifuata. Akikikataa, nitaendelea kula mayai peke yangu mwaka wa tatu.

Chumba ni kizuri. Kipo chini, karibu na mto, kuta nene za kale. Kasoro moja tu: juu ya kitanda kuna kibao cha shaba kinachoonyesha mafuriko ya zamani yalifika wapi. Kinanizidi kimo! Najiuliza nani alipima. Alisubiri maji yashuke, au alipiga mstari akiwa ndani ya mtumbwi? Kazini nimewaza hilo tu, nikakunja shuka za hoteli kinyumenyume.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kibao kina skrubu nne. Kukificha ni bure. Mama mkwe hufunua kila kitu, hata sufuria za watu. Kukishusha ndiyo akili. Maji ya kifundo cha mguu humtisha nani?

Tatizo ni mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu. Namwita Bwana Mafuriko. Ukimwamkia, anakujibu kwa mwaka na kina cha maji. Kila Alhamisi huleta wageni kuchungulia kibao changu dirishani. Nimemwambia wiki hii napulizia dawa ya kunguni. Akarudi nyuma hatua tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Kibao kimeshuka. Kidole kimetoboka. Na ukutani, kilipokuwa kibao, ajabu: maandishi ya penseli! Yamefifia, herufi za kizamani, sikuambulia hata neno. Nusura nimwite Bwana Mafuriko. Nikajikanya. Nimetundika kalenda hapo, lakini nimeifunua mara sita. Nani huandika ukutani halafu akafunika kwa shaba?

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kafika. Hakuketi. Kafunua sufuria. Kakiona kibao karibu na sakafu, akauliza ni cha nini. Nikasema zamani maji yaliwahi kulowesha viatu vya watu. Akauliza ni watu gani hao wanaovitengenezea viatu vilivyolowa kumbukumbu ya shaba. Nikakohoa.

Mara hodi! Bwana Mafuriko, na maua ya kumkaribisha mgeni. Kukiona kibao, akashika kichwa na kupayuka. Mama mkwe akataka kujua anasema nini. Nikatafsiri kwamba anasifu usafi wangu. Mzee akainua mkono juu ya kichwa chake, akachora mawimbi. Mama mkwe akaniambia kwamba lugha haijui, ila mkono ule hauhitaji mkalimani. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akaondoa kalenda kutafuta matundu ya skrubu. Akakuta maandishi. Miaka thelathini amekitazama kibao kile, hakujua kilichokuwa nyuma. Akasoma kwa sauti. Mama mkwe akaniamuru nitafsiri, na safari hii nisitie chumvi.

Yalisema: “Tumerudi wote saba.”

Mama mkwe akaketi. Akasema maji hayana adabu popote, hata kwake yalishaingia jikoni. Lakini nyumba iliyorudiwa na wote saba, binti yake anaweza kuishi humo. Sharti: kibao kirudi juu, maandishi yaachwe wazi, na uongo wangu ukome. Nikaapa. Nimelia, nikasingizia maua.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu anakuja! Kibao kimerudi. Mama mkwe na Bwana Mafuriko wamekaa ngazini tangu asubuhi, wanapimiana maji kwa mikono. Nilijitolea kutafsiri. Wamenifukuza.

Nimewaza sana. Maneno matatu ya penseli yamemlainisha mama mkwe, kazi iliyonishinda miaka mitano. Na chumba cha Bwana Mafuriko ni kikubwa, kina madirisha mawili na kabati la ukutani. Kesho anakwenda maktaba, kuta zake zitabaki peke yake. Niliapa kutosema uongo, kuandika hakukutajwa.

Nimechonga penseli. Herufi za kizamani zinaanza kunikubali: “Chumba hiki apewe mpangaji wa chini.”