Picha Tisa za Kupandia Mlima

Jumatatu, 6 Oktoba

Balaa! Harland ametutolea sheria. Ndiye kiongozi wetu wa matembezi, zimamoto mstaafu, hata kanisani kipenga kiko shingoni. Anasema Jumanne ijayo tunapanda Mwamba wa Kunguru tukaone majani mekundu kabla hayajapukutika, na atashika saa. Atakayefika juu kwa zaidi ya saa moja na nusu atahamia kundi la Alhamisi.

Kundi la Alhamisi! Wale wanaotembea kwenye njia ya reli ya zamani, tambarare kama meza, kila hatua mia benchi! Mimi niko kundi la milimani mwaka wa kumi na moja sasa. Nilijiunga wiki ile ile tuliyomzika Roland wangu. Watu hawa wanane ndio walionitoa kitandani. Siendi kokote.

Tatizo ni goti la kulia. Hakuna anayelijua. Na hatalijua mtu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi ya siri. Ngazi za mnara wa kengele kanisani, vidato sitini na viwili. Kidato cha ishirini na sita goti likagoma. Nikakaa. Padri akanikuta. Nikamwambia nasali. Loo, alivyofurahi! Akapiga magoti hapo hapo. Ikabidi na mimi nipige. Tukasali rozari nzima. Nililia machozi, naye akasema hajaona imani kama hiyo tangu aje parokia hii.

Jioni Eunice, mwenzetu kundini, akapiga simu. Amesikia nimekuwa mtakatifu, anauliza kuna mgonjwa au nimefanya dhambi gani. Huyu Eunice ana fimbo mbili za kutembelea, na binti daktari wa meno. Hukosi kuambiwa kuhusu fimbo. Hukosi kuambiwa kuhusu binti. Wengine hatuna tabia ya kujisifia watoto.

Jumamosi, 11 Oktoba

Normand amekuja kula maharage. Normand wangu! Ndiye dereva wa greda linaloondoa theluji barabarani mji mzima. Bila yeye, kuanzia Desemba hadi Aprili hapa hakuna mkate, hakuna shule, hakuna hata mazishi. Mwalimu wake alisema hatafika popote. Sasa mwalimu huyo akitaka kutoka nyumbani kwake anamsubiri nani?

Nikamwomba, kwa upole tu, apitishe greda kwenye njia ya Mwamba wa Kunguru, asawazishe kidogo. Akasema, "Mama, ile ni njia ya miguu. Ina miti." Nikamwambia yeye ana kipaji, atakwepa. Akaniangalia nilivyoshika meza. Akauliza kama goti linauma. Nikamwambia kula. Akauliza tena. Nikatoa albamu kumpoteza maboya, tukaangalia picha zake mpaka chai ikapoa, na habari ya goti ikasahaulika kabisa.

Hapo hapo nikapata akili! Kwetu msituni hatuachani. Wa mbele akisimama, mstari wote unasimama. Njia ile ina vipande tisa vikali. Nimechagua picha tisa. Nitatembea mbele, na kila goti likiwaka, nasimama naonyesha picha. Nikifika juu pamoja na wenzangu, nani atasema nimechelewa? Sijui kwa nini sikuzaliwa jenerali.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefika nyumbani. Mguu uko kwenye beseni la barafu. Naandika yote.

Saa tatu asubuhi tukaanza, wote na fulana za rangi ya chungwa ili wawindaji wasitudhanie kulungu. Msitu ulikuwa umewaka mwekundu, hata Harland alisahau kupiga kipenga. Nikajipenyeza mbele. Kipande cha kwanza, picha ya kwanza: Normand wa siku moja, kilo nne na nusu. Eunice akasema mbona amekunja uso. Nikamwambia alikuwa anafikiri.

Picha ya nne, pale kwenye chemchemi. Mzee Wilfred, miaka themanini na tatu, akakaa kwenye gogo akaishika dakika tano nzima, jasho likimtiririka. Aliishika kichwa chini miguu juu. Watu wengine huguswa sana.

Picha ya sita, Normand na greda jipya. Nikamngoja Eunice atoe binti yake wa meno. Hakutoa! Aliegemea fimbo zote mbili, macho kafumba, akasema, "Endelea shoga, endelea, usikatishe."

Picha ya tisa ikaisha, na mbele yetu kuna mawe matupu. Nilihesabu vibaya. Vipande ni kumi! Nilikuwa sina kitu mkononi, goti linaita majina ya watakatifu. Nikasikia sauti nyuma, nyembamba kama ya kuku. Harland! Uso zambarau.

"Mama Normand... huna nyingine?"

Nikamwambia zimekwisha.

"Basi rudia ile ya greda."

Nikarudia. Nikaeleza na gia zote.

Tulifika juu kwa saa mbili na dakika ishirini. Wote tisa. Bonde lote chini jekundu na manjano, na hakuna aliyelitazama, wote tunamtazama Harland. Akaitazama saa yake muda mrefu. Kisha akaitia mfukoni akasema imesimama. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, ilikuwa inagonga vizuri tu. Tukala donati.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mkutano. Sheria ya saa imefutwa! Na mimi nimechaguliwa kutembea mbele, siku zote. Mikono yote juu. Mzee Wilfred aliinua miwili.

Eunice akanisindikiza mpaka kwenye gari. Akasema kwa sauti ya chini kwamba habari za goti langu wanazijua tangu Agosti, kwamba ningepelekwa Alhamisi wangehamia wote, na kwamba nimwone daktari. Nikamwuliza goti gani. Maskini Eunice. Wivu ni ugonjwa. Meno hayana picha nzuri.

Mimi watu nawaelewa. Wana kiu ya Normand, basi. Harland anataka majira ya kuchipua tupande mlima mkubwa wa kaskazini, mara mbili ya Mwamba wa Kunguru. Nimekuwa wa kwanza kuandika jina. Nimeulizia, vipande vikali ni ishirini na kimoja. Jumapili Normand analeta greda, limeoshwa, tumpige picha kila upande. Nimemwambia anyoe ndevu.